Taulo ya maikrofaiba haijafa, imeziba: namna ya kuifua na kuirudisha kazini

Kijana wangu wa kazi aliniletea taulo tisa ndani ya kiroba. "Kaka, hizi zimekufa. Tununue nyingine." Nikachomoa moja, nikaitandaza juu ya meza, nikachovya kidole kwenye ndoo na kudondosha tone la maji juu yake. Tone likakaa pale pale, duara, linang'aa, kama maji juu ya jani la gimbi. Nikalisukuma kwa ukucha, likabingirika hadi ukingoni na kuanguka sakafuni. Taulo kavu kabisa.

Nikamuuliza anazifuaje. Akanieleza kwa fahari: sabuni ya unga ya kutosha, povu hadi linamwagika, halafu vifuniko viwili vya dawa ya kunukisha nguo ili ziwe laini, kisha anazianika juu ya michongoma zipigwe na jua la saa saba. Yaani alikuwa anazitunza, na kwa kuzitunza hivyo ndiyo alikuwa anazimaliza.

Baada ya jioni mbili za kuloweka na kusuuza, taulo saba kati ya tisa zilirudi zikinywa maji kama mpya. Mbili hazikurudi. Maelezo yafuatayo ni ya zile saba na zile mbili. Mimi kazi yangu ni kuosha na kung'arisha magari hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi itakuwa ya boneti na vioo, lakini kama taulo zako ni za kufutia meza, jiko au vioo vya ofisi, ufuaji ni ule ule.

Ijue kwanza, ndipo uifue

Taulo ya maikrofaiba si pamba. Ni plastiki mbili zilizounganishwa ndani ya uzi mmoja: poliesta na nailoni. Kwenye lebo utakuta 80/20 au 70/30; namba kubwa ni poliesta, ndogo ni nailoni. Uzi wake ni mwembamba kupita kiasi. Ukichukua uzi mmoja wenye urefu wa kilomita 9, haufikishi uzito wa gramu 1. Tena kwenye taulo nzuri kila uzi umepasuliwa kwa urefu, ukiukata na kuutazama kwa darubini unaona mipasuko kama ya chungwa lililomenywa. Katikati ya mipasuko hiyo ndimo maji yanamoingia, na kingo zake ndizo zinazozoa vumbi badala ya kulisukuma huku na kule.

Sasa fikiria umejaza mipasuko hiyo sabuni iliyoganda, au nta ya gari, au ule utando wa dawa ya kunukisha nguo. Maji yatapita wapi? Taulo haijachakaa, imeziba. Na kilichoziba kinazibuliwa.

Lakini ukichemsha maji ukaitumbukiza humo, au ukaipiga pasi, unailainisha plastiki yenyewe hadi ncha za nyuzi zinajikunja. Hiyo haizibuki. Hakuna sabuni ya kurudisha plastiki iliyoharibiwa na joto ilivyokuwa. Ndiyo maana kabla ya kupoteza siki na muda wako, ipime.

Dondosha tone la maji kama nilivyofanya. Likizama ndani ya sekunde moja au mbili, taulo ni nzima. Likikaa juu, kuna tatizo, ila hujajua bado ni lipi. Kausha mikono yako, upitishe taulo taratibu juu ya kiganja. Taulo hai inanasa kwenye ngozi, hasa kama mikono yako ni ya kazi na ina sugu. Wengine hawapendi kabisa hisia hiyo, inawasisimua meno. Taulo iliyoziba kwa mafuta inateleza kama hariri. Iliyoungua inakwaruza, au unasikia vijincha vigumu kama nywele za mswaki wa zamani. Itazame kwa kuilaza kuelekea dirishani: ncha zilizoharibiwa na joto zinametameta kidogo.

Taulo inayoteleza, endelea nayo. Inayokwaruza, iweke kando, tutaigawia kazi nyingine mwishoni.

Zitenge

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena kabla hata maji hayajamwagwa. Taulo iliyofuta rimu ina vumbi la breki, na vumbi la breki lina chembe za chuma. Ukiifua beseni moja na taulo ya kukaushia boneti, chembe zinahama. Kesho unafuta Crown nyeusi ya mtu, jua likipiga unaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Mwenye gari haoni taulo, anakuona wewe.

Mimi nina mafungu manne: za rangi ya gari, za vioo, za ndani ya gari, na za uchafu mzito kama rimu na chumba cha injini. Kila fungu na ndoo yake. Nyumbani inatosha kutenga tatu: jiko, choo, na kwingineko. Wasafishaji wa majengo wanatumia rangi: nyekundu chooni, kijani jikoni, bluu maeneo ya kawaida. Ni utaratibu mzuri kuuiga kwa sababu hata mgeni aliyekuja kusaidia kazi siku moja anauelewa bila kuhubiriwa.

Usichanganye kamwe na nguo za pamba. Si kanga, si taulo ya kuogea, si fulana. Pamba inatoa manyoya, na maikrofaiba kazi yake ni kunasa manyoya. Ukishazifua pamoja mara moja utakuwa unaokota vinyweleo kwenye vioo mwezi mzima.

Na taulo mpya zifuliwe kabla ya kutumika. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi kwenye maji ya kwanza, kwa hiyo zifue peke yake. Lebo ya pembeni ikate, maana ule ukingo wake unakwaruza.

Zikung'ute zikiwa kavu

Toka nje, shika pembe mbili, kung'uta kwa nguvu mara kumi. Mchanga ukitoka sasa hautakusumbua ndani ya maji. Kama kuna vijiti au mbegu za majani, toa kwa mkono mmoja mmoja. Zilizogandamana na manyoya ya pamba zipige kwa selotepu pana, au zichane kwa brashi laini ya viatu ambayo haijawahi kuguswa na kiwi.

Maji: hapa nikae kidogo

Wakazi wa Dar wanajua habari ya maji ya kisima. Sehemu nyingi yana chumvi, na mara nyingi ni magumu pia, maana yake yamebeba chokaa. Chumvi si tatizo kubwa, inasuuzika. Chokaa ndiyo adui, kwa sababu ikikutana na sabuni ya mche zinaungana na kutoa ule utando wa kijivu unaoganda kwenye ukuta wa beseni. Utando huo huo unaganda ndani ya taulo. Ikikauka inasimama yenyewe kama kipande cha boksi.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya nusu lita, jaza maji hadi nusu, tia matone machache ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa, funga, tikisa. Povu likijaa na kukaa, maji ni laini. Likitoka povu kidogo linalokufa na maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, ni magumu.

Kama ni magumu, fanya hivi: achana na sabuni ya mche kabisa, tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haigandi na chokaa kwa namna ile. Maji ya kisima yatumie kuloweka na kufua, na maji machache uliyo nayo ya bomba uyatunze kwa suuza ya mwisho. Msimu wa masika mimi naweka mapipa chini ya bati. Maji ya mvua hayana chokaa, na taulo zilizosuuzwa kwa maji ya mvua ukizishika unajua tofauti.

Joto sasa. Kwa kufua kwa kawaida lenga nyuzijoto 40. Kwa kuzibua taulo yenye mafuta unaweza kufika 60. Usipite hapo isipokuwa lebo yenyewe imeruhusu. Zipo za hospitali zilizotengenezwa kuvumilia zaidi, ila hizi tunazonunua barabarani tusizijaribu.

Huna kipimajoto? Huhitaji. Maji ya bomba ya Dar yako kama nyuzijoto 27, na yanayochemka ni 100. Ukichanganya kopo moja la maji yanayochemka na makopo manne ya bomba unapata kama 42. Ukichanganya kopo kwa kopo unapata kama 63, nawe kabla hujaloweka yatakuwa yameshapoa kidogo. Kama uko Mbeya, Njombe au Nairobi ambako maji ya bomba ni baridi, kopo moja la moto kwa matatu ya baridi litakupa karibu 40. Changanya kwanza, ndipo uweke taulo. Usimwage maji ya moto juu ya taulo iliyokwisha kuwa ndani ya beseni. Ile sehemu inayopokea mkondo inapata zaidi ya unavyodhani.

Loweka

Beseni la lita 10, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya vyombo. Kimoja. Najua mkono unakuambia ongeza, na povu dogo linakutia shaka kwamba hakuna kinachosafishika. Povu si usafi. Kila tone unaloongeza utalilipia kwa ndoo moja zaidi ya kusuuzia, na maji siku hizi tunanunua.

Sabuni ya unga naikwepa. Haiyeyuki vizuri kwenye maji ya uvuguvugu, na punje zake zinajificha katikati ya nyuzi. Ukiwa huna nyingine, iyeyushe kwanza kwenye kopo la maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, ndipo uimimine kwenye beseni.

Taulo za kawaida ziloweke nusu saa. Za nta na polishi saa moja hadi mbili. Za vioo dakika kumi zinatosha, hazina dhambi nyingi.

Fua kwa kukamua, si kwa kusugua

Zikusanye mkononi kama unga wa chapati, zikamue, ziachie zinywe maji, zikamue tena. Fanya hivyo mara ishirini hivi. Uchafu unatoka kwa maji kupita ndani, na si kwa ngumi juu ya ubao. Brashi ngumu ya kufulia jinzi inakata vile vitanzi vya juu. Doa likikataa, weka sabuni ya vyombo bila maji juu yake, sugua kwa ncha za vidole au mswaki laini, iache dakika kumi na tano.

Ukiwa na mashine, mambo ni mafupi: maji ya nyuzijoto 40, mzunguko wa nguo laini, sabuni ya maji nusu ya ile unayoweka siku zote, ngoma isijae kupita nusu, na ongeza suuza moja. Mashine ya matangi mawili ni nzuri zaidi kwa kazi hii kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu unaona maji yalivyo na unaamua mwenyewe ziendelee au ziishe.

Suuza mpaka ithibitike

Hii ndiyo hatua iliyookoa zile taulo saba.

Baada ya kuzifua niliziweka kwenye maji matupu, bila sabuni yoyote. Nikazikamua. Povu likapanda hadi kwenye viwiko. Nikamwaga, nikaweka maji mengine matupu. Povu tena. Kijana amesimama pembeni anashangaa, maana sabuni ameona imewekwa mara moja tu, tena kijiko. Nikamwambia hiyo ni sabuni yako ya miezi mitatu iliyopita. Ndoo ya tano ndipo maji yalipotulia.

Kwa hiyo kipimo cha kusuuza ni povu. Usihesabu ndoo, kamua taulo ndani ya maji matupu na utazame. Likitoka povu, endelea.

Suuza ya mwisho kabisa iwe na siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5: nusu kikombe, yaani kama mililita 125, kwa lita 10 za maji. Ziache dakika kumi na tano, kisha zipitishe kwenye maji safi mara moja. Siki inayeyusha chokaa na ule utando wa sabuni, ndiyo inayoondoa ukavu wa boksi. Harufu yake inaondoka zikikauka. Huhitaji kufanya hivi kila mara. Mara moja kwa mwezi inatosha, au kila mara kama maji yako ni ya kisima kigumu.

Sasa neno la hatari, nalo lisomwe vizuri: siki na jiki visikutane kamwe. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kukuumiza mapafu vibaya. Kama beseni lilikuwa na jiki jana, lioshe kwanza. Na jiki yenyewe haina nafasi kwenye taulo hizi hata peke yake, maana inakula nailoni.

Tena wapo wanaochanganya siki na magadi ya kuokea ndani ya beseni moja kwa sababu inachemka na kupendeza macho. Viwili hivyo vinauana. Ukimaliza ule mchemko umebaki na maji yenye chumvi fulani, basi. Ukitaka kutumia magadi kwa ajili ya harufu, yaloweke nayo peke yake, suuza, ndipo ulete siki.

Anika kivulini, penye upepo

Kamua bila kupinda sana, kung'uta mara moja, tundika kwenye kamba. Maikrofaiba inakauka haraka, hata siku za mawingu, kwa hiyo hakuna haja ya jua kali; jua linaidhoofisha nailoni na kupausha rangi. Kamba iwe mbali na barabara ya vumbi. Mimi nafungia ndani ya kibanda, upande wa nyuma, pazia limeshushwa.

Michongoma hapana. Nyasi hapana. Ukuta wa saruji hapana. Miba inavuta vitanzi na kuacha vishimo, na taulo ikishabeba kipande cha mwiba ukaipitisha juu ya boneti, shauri yako.

Pasi ni marufuku. Kama una mashine ya kukaushia kwa joto, weka kwenye joto la chini kabisa au upepo tu, na usitie zile karatasi za kunukisha nguo; zina utando ule ule wa dawa ya kulainishia.

Zilizoshindikana: magonjwa na dawa zake

Dawa ya kunukisha nguo ikishaingia, siki haiitoi vizuri. Inatoka kwa maji ya nyuzijoto 60 na sabuni ya vyombo, kijiko kimoja kwa lita 10, saa moja, kukamua kwa fimbo au glavu kwa kuwa maji ni ya moto, kumwaga, kurudia. Mara mbili kwa kawaida, mara tatu kwa aliyekuwa na mkono mzito kama kijana wangu. Baada ya hapo ndipo suuza za maji matupu.

Nta na polishi ya gari zinahitaji kushughulikiwa kabla hazijakauka. Mara tu ukimaliza kung'arisha, itumbukize taulo kwenye ndoo yenye maji na tone la sabuni, hata kama utaifua kesho asubuhi. Ikikaukia kwenye kiroba siku tatu, ile nta inakuwa kama mshumaa ndani ya nyuzi. Hapo paka sabuni ya vyombo moja kwa moja juu ya mabaka, kanda kwa vidole, acha nusu saa, kisha maji ya 60. Usifue kwa petroli wala mafuta ya taa. Nimeona mafundi wakifanya hivyo gereji. Taulo inabaki na mafuta, mikono inachubuka, halafu mtu anakuja kuwasha jiko jirani.

Harufu ya uvundo inatokana na kuiacha mbichi. Taulo iliyokunjwa mbichi usiku mmoja kwa joto la Dar inatosha kuanza kunuka. Iloweke kwenye siki nusu kikombe kwa lita 10 kwa saa moja, suuza, kisha fua kwa 60, anika siku hiyo hiyo penye upepo mkali. Ikirudia kunuka mara tu inapolowa, ujue uchafu bado umo ndani. Irudie kama taulo iliyoziba kwa mafuta, tatizo si harufu.

Kwa ukavu wa maji magumu, siki peke yake, saa nzima, bila sabuni. Hii ndiyo inayofurahisha kuliko zote kwa sababu matokeo unayaona papo hapo.

Vitambaa vidogo bapa vya miwani na simu ni maikrofaiba pia. Vifue kwa mkono chini ya bomba na tone la sabuni ya vyombo, dakika mbili, suuza sana. Watu wanafuta miwani kwa kitambaa kilekile mwaka mzima bila kukifua, kisha wanalaumu kioo. Na zile mopu bapa za kudekia, ufuaji wake ni kama taulo za uchafu mzito. Toa nywele kwanza kwa kitana.

Zisizookoleka

Iliyoungua haiponi. Iliyofuta oili ya injini inaweza kupungua weusi lakini usiirudishe tena kwenye rangi ya gari. Iliyobeba mafuta ya kung'arishia matairi, yale yenye silikoni, itaacha ukungu kwenye kioo hata uifue mara kumi. Na iliyotumika kupaka kotingi ya seramiki, ule utando mgumu wa kulinda rangi ya gari, hata kama inaonekana mpya, itoe kwenye kazi ya rangi siku hiyo hiyo: ile kotingi inakauka ndani ya nyuzi na kuwa ngumu kama kioo, na kazi ya kioo kigumu juu ya rangi unaijua.

Iliyoanguka chini ni kesi yake. Kwenye sakafu ya vigae nyumbani, kung'uta uendelee. Kwenye uwanja wa kuoshea magari, pale penye mchanga na changarawe, haigusi tena gari la mtu hadi ifuliwe, bila mjadala, hata kama mteja amesimama anatazama saa.

Kati ya kufua na kufua

Kunja taulo mara mbili ipate robo nne. Hapo una nyuso nane, na ukigeuza kila upande ukichafuka, taulo moja inafanya kazi ya nane ndogo. Ukifika uso wa nane, weka kwenye ndoo ya chafu. Usirudi wa kwanza kwa kujidanganya kwamba umekauka.

Zilizo safi zikae kwenye ndoo yenye mfuniko au droo inayofungwa. Rafu ya wazi haifai. Vumbi la kiangazi halipigi hodi. Na zikunjwe zikiwa kavu kweli kweli, shavu lako likithibitisha. Shavu linahisi ubichi kuliko kiganja.

Kwa kazi nyepesi za nyumbani, taulo ikitunzwa hivi inavuka mamia ya mafuo. Kwangu haziendi huko zote, kwa sababu magari yana uchafu wake, lakini nyingi zinanizeesha macho kabla ya kuisha.

Zile mbili ambazo hazikurudi niligundua baadaye kuwa zilikuwa zimechemshwa. Mtu mmoja alikuwa amezitia kwenye sufuria pamoja na matambara ya jikoni, na mtu huyo ni mimi, mwaka ule nilipoanza kazi na kuamini kwamba kila kitu kikichemshwa kinatakata. Nilimpa kijana mkasi. Kwetu taulo iliyokatwa pembe moja ni ya rimu tu, iliyokatwa mbili ni ya injini. Akakata pembe mbili kwa zote mbili, akazitumbukiza kwenye ndoo nyeusi, kisha akachukua moja ya zile saba, akadondosha tone la maji na kuinama kulitazama likizama.